Bi Harusi, Kazi ya Mkono Ina Bei Yake



Nawaandikia kutoka Sumbawanga, na najua baadhi yenu mmeshaanza kucheka. Ukimwambia mtu wa pwani kwamba unatoka Sumbawanga, swali lake la kwanza ni la uchawi. Wakati jina lenyewe, kama wazee wanavyolieleza, ni kumwambia mtu autupe uchawi wake. Mimi uchawi wa huku naujua mmoja tu: baridi. Mji wetu uko juu ya uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na ikifika Juni na Julai upepo unaotoka upande wa milima ya Mbizi haumsamehi mtu. Mtoto mchanga bila kofia na soksi za kufuma hatoki nje asubuhi. Kwa hiyo huku sindano za kufumia si mapambo ya kuweka kabatini. Ni kinga ya mwili, na kwa wengi wetu ni ugali wa watoto.

Mimi ni mshonaji. Nilimaliza kidato cha nne, nikasomea ushonaji, na sasa ni zaidi ya miaka 10 naishi kwa cherehani, sindano na jiko la mkaa. Nafuma sweta za watoto, nadarizi mashuka na foronya za maharusi, na Ramadhani na Idi zikikaribia napika vitafunwa vya kuagizwa. Wateja wangu wengi si Waislamu, maana Ufipa ni nchi ya Wakatoliki wengi na sisi ni wachache. Komunyo ya kwanza ikifika nashona magauni meupe ya wasichana, Idi ikifika nashona kanzu na madera. Riziki ya Mwenyezi Mungu haina mlango mmoja.

Leo nataka kusema juu ya maneno matatu ninayoyasikia kila wiki: "Ni uzi tu." Yanakuja na tabasamu, na nyuma yake yanafuatwa na "nifanyie bei ya kindugu." Anayeyasema sana, na nisameheni kwa kusema hivi, ni mwanamke mwenzangu anayejiandaa na harusi. Huyo huyo hambembelezi mwenye ukumbi, wala mpiga picha, wala muuza keki. Akifika kwa aliyemdarizia mashuka ya kitanda chake cha ndoa, hapo ndipo undugu unapokumbukwa.

Msimamo wangu ni huu: kazi ya mkono ina bei yake, na kumvuta fundi mpaka abaki bila chochote ni dhuluma, hata kama mvutaji hakukusudia dhuluma.

Tupige hesabu ya sweta moja

Tuchukue mfano. Sweta ya mtoto wa miaka miwili imekula uzi wa shilingi 9,000 na vifungo vya shilingi 1,000. Hapo mkononi imetoka shilingi 10,000. Anayefuma kwa sindano mbili, huku anapika, ananyonyesha na kuitikia hodi za wageni, anaweza kuimaliza kwa saa 20 zilizogawanyika siku nne au tano. Anakuja mteja, anaigeuza ndani nje, anasema mtumba wa sweta sokoni ni rahisi kuliko hii, anatoa shilingi 15,000. Fundi anapokea kwa sababu jioni kuna chakula cha kununua.

Sasa toa gharama. Zimebaki shilingi 5,000. Gawa kwa saa 20. Kila saa amelipwa shilingi 250. Bei za uzi kwenu zinaweza kuwa tofauti, weka za kwenu, lakini fanya hesabu hiyo hiyo uone. Shilingi 250 kwa saa nzima ya macho, mgongo na vidole, na bado anaambiwa ni uzi tu. Kama ni uzi tu, mbona hukununua uzi?

Na huo mtumba unaolinganishwa nao ulifumwa na mashine katika kiwanda, ukavaliwa na mtu tusiyemjua, ukafika hapa kwenye robota. Simkatazi mtu kuununua, hata mimi nimevaa mtumba maisha yangu yote. Ninachosema ni kwamba huwezi kutaka kitu kilichopimwa kwa mwanao, kwa rangi uliyoichagua wewe, chenye jina lake kifuani, halafu ukalipa bei ya robota.

Ufipa ilishawahi kupoteza mikono

Huku kwetu tuna ushahidi wa jambo hili, na wengi hawaujui. Katika karne ya 19 Ufipa ilikuwa nchi ya mafundi. Wafipa walifua chuma katika matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, yanayoitwa malungu, na chuma hicho kikatengenezwa majembe na silaha. Walifuma pia vitambaa vya pamba kwa mitambo ya miti waliyoitengeneza wenyewe, na wafumaji walikuwa wanaume. Leo uliza mjini Sumbawanga nani ana kitambaa cha aina hiyo nyumbani, utatazamwa tu.

Kilichotokea ni rahisi kueleza. Vitambaa vya dukani na majembe ya kiwandani vilikuja kwa wingi na kwa bei ndogo. Mfumaji akaona siku zake nyingi hazimlipi. Akaenda shambani, akaacha mtambo, na mwanawe hakujifunza. Mikono ilikuwepo na pamba ilikuwepo, aliyekosekana ni wa kulipa. Kazi ya mkono haifi kwa kukosa mikono, dada zangu, inakufa kwa kukosa bei. Ndiyo maana naogopa ninapomwona binti wa miaka 20 anayejua kufuma vizuri kuliko mimi anaziweka sindano chini na kusema, "Mama, bora nikauze vocha."

Nyinyi wa visiwani mnalielewa hili kuliko sisi, kwa sababu mnayo kofia. Kofia ya kushonwa kwa mkono, yenye vile vitobo vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, inachukua wiki nyingi, na nzuri zaidi huchukua miezi. Bwana harusi anaivaa siku ya nikaha na kila mtu anajua kwamba kofia ya kweli si ya bei ya mchezo. Kwa nini imebaki hai? Kwa sababu jamii imekubali kwamba ina thamani na watu wanailipia. Jiulizeni basi: yule mwanamke wa Pemba anayesuka ukili na kuushona kuwa msala unaosujudia kila siku, analipwa kwa heshima ile ile? Au kwake nako tunasema "ni majani tu"?

Zawadi ni zawadi, biashara ni biashara

Najua nitaambiwa, "Dada, na thawabu je? Kusaidiana je?" Swali zuri, na jibu lake liko katika dini yetu yenyewe.

Mnamjua mama yetu Zaynab bint Jahsh, radhi za Allah zimfikie. Imesimuliwa kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwaambia wake zake kwamba atakayemfuata kwanza ni mwenye mkono mrefu kuliko wote. Wakawa wanapimana mikono. Bibi Zaynab alipofariki wa kwanza, na hakuwa mrefu, ndipo walipofahamu kwamba mkono mrefu ni mkono wa kutoa. Alikuwa akitengeneza ngozi na kuishona kwa mikono yake, kisha kipato chake anakitoa sadaka.

Tazameni mpangilio huo: kwanza alifanya kazi, kisha akapata, kisha akatoa. Mkono wake ulikuwa mrefu kwa sababu ulikuwa na kitu ndani yake. Mwanamke anayepunjwa kila wiki atatoa nini? Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Ukimlipa fundi haki yake unamfungulia na yeye mlango wa kumfumia yatima sweta ya bure kwa hiari yake. Ukimnyonya, umemfungia. Sadaka ni ya mwenye kutoa kuamua, si ya mteja kujipangia.

Vivyo hivyo kwenye vyakula. Desturi ya sahani ya jirani siku ya Idi ni tamu na ibaki. Mimi hupika kaimati na visheti, nikapeleka sahani kwa majirani, Waislamu na Wakristo, na Krismasi sahani zinarudi kwangu. Hiyo haina bei na Mungu asiitie bei. Lakini boksi la vileja 50 uliloniagiza kwa simu, ulitakalo kesho kutwa kwa ajili ya wakwe zako, hilo ni biashara. Siwezi kukupa kwa bei ya sahani ya jirani, kwa sababu muuza unga na muuza samli hawanipi mimi sahani.

Hapa kwetu kuna jambo jingine la kuwapa faida wanaopika. Sisi tuna kalenda mbili. Ya kwanza ni ya shamba: mvua zinaanza karibu na Novemba mpaka Aprili, mahindi mabichi yanakuja mvua zikielekea mwisho, mavuno yanafuata, na pesa ya mahindi inaanza kuonekana mifukoni katikati ya mwaka. Ya pili ni ya mwezi, inayorudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2016 tulifunga Juni, katika baridi na mavuno, watu wana pesa, na pamoja na vitafunwa niliuza sweta na shali. Miaka hii Ramadhani inatukuta katikati ya mvua, mahindi bado yako shambani na mifuko imekauka. Mfanyabiashara mwenye akili hapiki kile kile. Wakati wa mavuno tengeneza boksi kubwa, wakati wa ukata tengeneza vifungashio vidogo ambavyo mama wa kawaida anaweza kununua bila kukopa. Bei ya haki si lazima iwe pesa nyingi kwa mara moja. Ni kila kipande kulipia gharama yake na jasho lake.

Na tupike vya msimu wetu. Nazi huku inasafiri mbali mpaka kutufikia, kwa hiyo ni ghali. Nimejifunza kutumia karanga na maziwa, na kashata zangu za karanga zenye iliki zinamalizika kabla ya chochote. Ulezi wetu wa Ufipa unatoa uji wa futari ambao ukiuonja utasahau ule wa paketi. Tuna togwa pia: unapika uji wa mahindi, unauacha upoe mpaka uwe vuguvugu, unatia unga wa kimea cha ulezi, unafunika, na kesho yake una kinywaji kitamu chenye uchachu kidogo. Kinywe kikiwa kipya. Kikikaa siku nyingi kinabadilika, na kikifika pa kulevya si halali tena, kimwage.

Kwako bi harusi

Mdogo wangu unayeolewa, kama unataka vitu vya mkono katika nyumba yako, nakuomba mambo manne.

La kwanza, agiza mapema. Jozi moja ya mashuka yaliyodariziwa kingo zote na foronya zake si kazi ya siku tatu. Ukija wiki moja kabla ya harusi unamlazimisha fundi akeshe, kisha unalalamika kwamba ua moja limepinda.

La pili, kubalianeni kila kitu kwa uwazi: kitambaa gani, rangi gani, vipimo, siku ya kuchukua na bei. Kisha muandike. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, inatuamrisha tuandike madeni yetu. Mwenyezi Mungu ameligusa jambo hili kwa urefu namna hiyo, sisi ni nani tuseme "tunaaminiana tu"? Kuandika si kutoaminiana. Ni kulinda huo undugu unaousema.

La tatu, ukishapokea, lipa. Tumefundishwa kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mwenzangu mmoja hapa mjini alimtengenezea bi harusi jozi sita za mashuka, akapewa kianzio kidogo, mengine akaahidiwa baada ya harusi, zikishahesabiwa pesa za kutunzwa. Harusi ikapita, bi harusi akahamia mkoa mwingine, simu ikawa haipokelewi. Uzi ule ulikopwa dukani. Mwenye duka alilipwa kwa ada ya mtoto wake wa shule, na mtoto akakaa nyumbani wiki tatu. Mashuka yale yamelaliwa na watu wawili waliosomewa dua ya baraka. Nisimalizie.

La nne, fikiria na wewe kuwa na kazi ya mkono wako. Mahari ni haki yako, na unaruhusiwa kuchagua itakayokufaa. Nimeshona katika nyumba za dada walioomba Msahafu na cherehani, na miaka mitano baadaye cherehani ile ndiyo iliyosimamisha nyumba mume alipokosa kazi. Alichochuma mwanamke ni chake, Qur'ani imelisema katika Suratun Nisaa. Akimsaidia mumewe ni wema wake na sadaka yake. Zungumzeni na mchumba kabla ya nikaha: utafanya kazi, utafanyia wapi, na pesa yake ni ya nani. Mazungumzo haya ni rahisi kwenye posa kuliko kwenye ugomvi.

Kwetu sisi wenye sindano

Siwezi kuwasema wateja nikawaacha mafundi. Tuna sifa mbaya na tunaijua. Fundi anaambiwa Ijumaa, anasema "njoo Jumatatu," Jumatatu anasema "umeme ulikatika." Wapo wanaoshona upande wa nje vizuri na ndani wanaacha nyuzi zinaning'inia. Wapo wanaopika kwa mafuta yaliyokwisha kutumika mara nne na kuuza kama mapya. Ukitaka bei ya haki, toa kazi ya haki. Ahadi ya fundi nayo ni deni.

Pili, weka daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika uzi, vifungo, mkaa, nauli na saa zako. Ukishaandika saa zako hutaona haya kutaja bei, maana utajua huibi mtu. Bei itaje mara moja, kwa adabu, kisha nyamaza. Usijieleze mpaka ukajipunguzia mwenyewe.

Tatu, tusikimbilie mikopo ya mitaani inayotafuna mpaka sufuria. Huku bara sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na asilimia 4 ni fungu la wanawake. Mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka 2024. Kwa sisi tunaoogopa riba huo ni mlango wa kuubisha, na kikundi chenye daftari safi kina cha kuonyesha. SIDO nayo, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ina ofisi hapa Sumbawanga na inatoa mafunzo. Nendeni mkaulize, kuuliza si ujinga.

Najua bei ya haki itanipotezea wateja. Imeshanipotezea wengine. Waliobaki ni wachache, lakini wanalipa kwa wakati, wanarudi, na binti niliyempa kazi ya kudarizi foronya analipwa kila wiki. Hajasema tena habari za kuuza vocha.

Basi, dada yangu, utakaposhika kitu kilichofumwa, kabla hujasema "ni uzi tu," hesabu saa zake kwanza. Kisha lipa, au omba kupewa kwa jina lake halisi: zawadi. Vyote viwili vina heshima.

Nyinyi huko visiwani mnauziana vipi kofia, misala na mapishi ya Idi? Mnaandikiana, au bado mnapelekana kwa "tutaonana"? Ningependa kujua.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.